TUHAME NYASI ZINGALI ZIPO

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Mbulu)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapenzi, hasa ninyi mliostaafu ambao mmekubali kusafiri ili kuja kuona jinsi tulivyozeeka, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mliokaa kule nyuma mkisubiri maneno yaishe ili chakula kianze:

Awali ya yote naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa heshima ya kusema siku ya leo. Nilipopokea barua ya Katibu nilidhani naombwa mchango, kwa maana barua za Katibu wetu kwa kawaida huwa na namba ya akaunti chini ya sahihi. Safari hii namba haikuwapo. Barua ilinitaka nizungumze juu ya "Kujua Wakati wa Kuacha". Mke wangu alipoisoma aliniuliza kama nimefukuzwa katika Umoja.

Ndugu Mwenyekiti, nimefikiri sana juu ya mada hii, na nimeona kwamba Kamati imeniweka mahali pagumu. Ni rahisi kumwambia mtu ashike. Tulipokuwa hapa tuliambiwa tushike kalamu, tushike jembe, tushike adabu, na wale waliochelewa paredi walishika fagio. Lakini sikumbuki somo hata moja lililotufundisha kuachia. Kwa hiyo basi, niliyo nayo leo sikuyapata darasani. Nimeyaokota njiani, na mengine nimeyalipia.

Nianze na jambo ambalo sote tuna ushahidi wake katika vyeti vyetu. Tulipoondoka hapa, vyeti viliandikwa Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Kabla ya hapo Wilaya ya Mbulu ilikuwa mama mwenye watoto wengi. Hanang ilitoka tumboni mwake, Babati ikatoka kwa Hanang mwaka 1985, na Karatu ikatoka Mbulu katika miaka ya 1990. Mimi ni mtumishi wa serikali, na ninajua manung'uniko yanayokuwapo ofisini kila mipaka inapogawanywa. Nani atabaki na gari? Nani atachukua meza? Mapato ya mnada ule yatahesabiwa wapi? Lakini sijamsikia mzee wa Katesh au wa Karatu akiomba arudishwe kufuata huduma Mbulu mjini. Mama hakupungukiwa na heshima kwa kuwaachia watoto wakajenga miji yao.

Huo ni mfano mwepesi. Niwape wa pili, ambao unanihusu mwenyewe.

Katika ofisi mojawapo niliyopata kufanya kazi, na sitaitaja, nilirithi taarifa moja ya robo mwaka. Ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na ilitakiwa nakala tano. Niliiandika kwa bidii kwa miaka minne. Nilikusanya takwimu, nikapiga mistari, nikasahihisha, nikapeleka. Siku moja safari ikanichelewesha, robo ikapita bila taarifa. Nikaingia ofisini kwa hofu, na barua ya kujieleza nimekwisha kuiandika. Hakuna aliyeuliza. Robo ya pili nikanyamaza kwa makusudi. Kimya. Hatimaye nikafuatilia kwenye majalada, nikagundua kwamba taarifa ile ilianzishwa kwa ajili ya mradi uliokwisha kufungwa, na mkubwa aliyeiagiza alikuwa amestaafu kabla mimi sijaajiriwa. Nakala zangu zote zilikuwa kabatini, zimepangwa vizuri, nyingine hazijafunguliwa.

Mnacheka, lakini fikirini. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyeianzisha alikuwa na sababu, na aliyenirithisha alikuwa mwaminifu. Mimi nami nilikuwa mwaminifu. Kosa letu sote lilikuwa moja tu: hakuna aliyeuliza kama ile sababu bado iko hai.

Ndugu zangu, sisi Waswahili tuna methali mbili ambazo watu huzitumia kama rungu. Anayependa ya zamani hutupiga na "mwacha mila ni mtumwa". Anayewaonya wakimbiliao mambo mapya husema "kipya kinyemi ingawa kidonda". Ukizisikiliza methali hizi mbili utadhani busara yote iko katika kushika. Kumbe mahali hapa petu, kati ya Mbulu na Hanang, kuna watu ambao kuacha kwa wakati ndiyo elimu yao kuu. Nataka niwapeleke kwao.

Ukitoka Haydom ukaelekea Basotu, nchi inafunguka. Upande wa mashariki unauona Mlima Hanang, ambao unapita mita 3,400, umesimama peke yake kama mwalimu wa zamu. Mbele yako kuna tambarare, na Ziwa Basotu. Nyanda hizi Wabarabaig huziita muhajega, na kwao zilikuwa malisho bora kuliko yote. Lakini hawakukaa humo mwaka mzima. Mvua ziliponyesha na maji yakapatikana, mifugo ilipelekwa huko ikala ikanenepa. Baada ya muda walihama, wakaenda sehemu nyingine, kila sehemu kwa msimu wake, na nyasi za muhajega zikapata nafasi ya kuota upya.

Sasa, mtu wa ofisini akipita katika nchi ya namna hiyo mwezi ambao haina ng'ombe, ataandika nini katika taarifa yake? Ataandika kwamba ardhi iko wazi na haitumiki. Naam, ndivyo ilivyokuwa.

Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, liliundwa mwaka 1969. Kwa msaada wa serikali ya Kanada, nyanda za Basotu zikaanza kulimwa ngano kwa mashine kubwa, kwa mtindo wa mashamba ya Kanada kwenyewe. Mashamba yakaongezeka mpaka yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000. Sisi tuliokulia upande wa Mbulu tulisikia habari zake tangu utoto. Tuliambiwa kwamba trekta moja huko linalima kwa asubuhi moja shamba ambalo kijiji kizima kingelilima kwa msimu.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba jambo lile lilikuwa upumbavu. Nchi changa ilitaka kujilisha mkate wake badala ya kuununua nje kwa fedha za kigeni, na sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini ikatoka Hanang. Vijana wengi walijifunza ufundi katika karakana za mashamba yale. Lengo lilikuwa jema.

Lakini kulikuwa na hesabu ambazo hazikuingia katika vitabu. Mashine zilitoka nje, vipuri vikatoka nje, na utaalamu mwingi nao ukatoka nje, kwa hiyo shamba liliishi kwa pumzi ya msaada. Udongo ulioachwa wazi katika mashamba makubwa namna ile ulichukuliwa na maji, makorongo yakachimbika. Na wafugaji waliofungiwa muhajega hawakuwa na pa kupumzishia malisho mengine. Ng'ombe wale wale wakabanana katika eneo dogo, nyasi zikaisha, kisha watu wakasema, "Tazameni, wafugaji wanaharibu mazingira." Hata makaburi ya heshima ya wazee wao, yanayoitwa bung'eda, mengine yalipitiwa na majembe ya trekta.

Watu hawakukaa kimya. Kijiji cha Mulbadaw na wananchi kadhaa walifungua kesi dhidi ya NAFCO mwaka 1981, na Mahakama Kuu ikawapa haki. NAFCO ikakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Waliosomea sheria miongoni mwetu wanaijua kesi hiyo, kwa maana hadi leo husomwa vyuoni.

Msaada wa Kanada ulikoma mapema katika miaka ya 1990. Hapo ndipo swali lilipaswa kuulizwa kwa sauti: Je, kama mashamba haya yasingekuwapo leo, tungeyaanzisha? Lakini swali lile lilikuwa zito. Fedha nyingi mno zilikwisha kuingia, majina makubwa yalikwisha kuandikwa juu yake, na watu walikwisha kuhamishwa kwa ajili yake. Yakashikiliwa, mashine zikachakaa mwaka hata mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo serikali ilipojitoa. Ardhi nyingine ikarudi kwa wananchi na nyingine ikaenda kwa wawekezaji. Lililoachwa lilikuwa limekwisha kulegea.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo naingia mimi, na sifa sina.

Nilitoka Chuo Kikuu na shahada yangu, nikapangiwa kazi Hanang. Nilikuwa kijana, suruali imenyooshwa, lugha ya kitaalamu imejaa mdomoni. Katika mwaka wangu wa kwanza nilitumwa kwenda kuhutubia mkutano wa wafugaji chini ya mti. Nikawaambia, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba dunia imebadilika na kwamba ufugaji wa kuhamahama umepitwa na wakati. Nikasema kwamba mtu mwenye busara hujua wakati wa kuachana na mambo yasiyomfaa tena. Maneno yale yale, ndugu zangu, ambayo Kamati imenipa leo kama mada! Nilijiona nimesema vizuri.

Mzee mmoja wa Kibarabaig aliinuka, akajifunga vizuri shuka lake, akasema taratibu, kijana wake akitafsiri. Akasema:

"Mjukuu wangu, nimekusikia. Umesema tujue kuacha. Sisi tumeishi kwa kuacha. Tukifika mahali penye nyasi, tunajua siku ya kuondoka kabla hatujafungua mizigo. Tunahama nyasi zingali zipo, ndiyo maana tukirudi tunazikuta. Ninyi mlikuja na matrekta, mkakaa. Udongo ukachoka, mkakaa. Matrekta yakafa, mkakaa. Hamkuhama mpaka pakawa vumbi. Sasa niambie, mjukuu wangu, kati yangu mimi na wewe, nani hajui kuacha?"

Mkutano haukucheka. Wangecheka ingenisaidia. Nilitazama karatasi zangu, nikaona hakuna jibu lililoandikwa humo. Mwenyekiti wa kijiji, kwa huruma, akafunga mkutano.

Nilirudi kwa gari la ofisi nikipita katika yale mashamba. Kando ya njia palikuwa na mabaki ya mashine, zimeota majani mpaka kwenye magurudumu. Nilikuwa nimezipita asubuhi ile ile bila kuziona.

Nimelibeba swali la yule mzee kwa miaka yote hii, na limenifundisha mambo mawili, ambayo ndiyo hasa niliyokuja kuyasema.

La kwanza: kuachiwa na kunyang'anywa ni mambo mawili, ingawa kwa mbali yanafanana. Kabla hujamwambia mwenzako aache kitu kwa sababu hakimfai, hakikisha kwamba kweli hakimfai yeye. Usije ukawa unasema hakikufai wewe. Wabarabaig hawakuacha muhajega. Waliondolewa. Mila yao ya kuhamahama ilikuwa bado inafanya kazi yake, wakati mtambo wetu wa kisasa ndio uliokuwa umekwisha. Tulimtaka mwenye kitu kizima akitupe, nasi tukakumbatia kilichovunjika.

Hata pale ambapo mtu anapaswa kweli kupunguza, ni lazima aonyeshwe pa kwenda. Wazee wetu wa Mbulu walipata jaribu hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, nyanda zetu za juu zilikuwa zimelemewa na mifugo, na serikali ya wakati ule ikataka ng'ombe wapunguzwe. Mnajua ng'ombe ni nini kwetu. Ni mahari, ni akiba, ni urafiki, kwa maana ng'ombe wangu yuko kwako na wako yuko kwangu. Kumwambia Mwiraqw auze ng'ombe akiwa hana shida ni kama kumwambia ang'oe jino zima. Lakini pamoja na amri ile kulikuwa na kazi nyingine: pori la mbung'o lilifyekwa, na watu wakapata ardhi mpya ya kulima na kuchungia. Machungu yalikuwapo, wala sisifu ukoloni. Nasema tu kwamba aliyeachia kitu kwa mkono huu aliona kitu kwa mkono wa pili. Na Wairaqw hawakuanza siku hiyo kuhama. Wazee husimulia kwamba asili yetu ni Ma'angwatay, nchi tuliyoiacha nyuma; tukakaa Irqwa Da'aw, milima ya Kainam na jirani zake; na kutoka huko tukaenea hadi Dongobesh na Karatu. Kama babu zetu wangeng'ang'ania bonde moja, shule hii isingekuwa na wanafunzi.

La pili: wakati wa kuacha kitu ni pale ambapo bado kina thamani. Anayesubiri mpaka kiishe hajaacha kitu; kimemwacha yeye. Nyasi zikiisha ndipo uhame, utahama na ng'ombe waliokonda, na huko unakokwenda utafika na njaa. Mtumishi asiyefundisha kijana wake kazi mpaka siku ya kustaafu, ataondoka na funguo mfukoni na ofisi itavunja mlango. Baba anayekataa kugawa shamba hadi pumzi ya mwisho, huwaachia wanawe kesi badala ya shamba.

Najua kwamba si kila kuacha huja kwa hiari. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wapo miongoni mwetu waliozika siku zile. Hao hawakuwa na la kuchagua, na hotuba kama hii haiwahusu. Wanahitaji pole na msaada. Nataja tu jambo moja ambalo limenigusa. Nyumba mpya za familia zilizopoteza makazi zilijengwa Waret. Jina hilo mmelisikia hivi punde katika orodha ya mashamba ya ngano. Jina lile lile ambalo kwa miaka mingi lilimaanisha trekta na uzio, leo linamaanisha mlango wa nyumba kwa mtu aliyekosa nyumba.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nisipoyaleta maneno haya hapa tulipokaa, nitakuwa kama yule kijana wa suruali iliyonyooshwa. Nitakuwa nimewaambia wengine waache, nami nimekaa.

Tazameni kulia kwenu, nyuma ya miti ile. Wote mnajua kuna nini. Kuna msingi wa ukumbi wetu. Ni miaka kumi na miwili tangu tuuchimbe. Wadogo zetu hapo nyuma hudhani ni magofu ya Wajerumani.

Nasema haya nikiwa na haya, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Hotuba ya siku ya kuweka jiwe la msingi niliiandika mimi. Nilisema ukumbi ule utakuwa alama ya umoja wetu kwa vizazi na vizazi. Tangu siku hiyo tumechangishana mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mchango wa mwaka huu hununua mawe, na mwaka unaofuata tunakuta mawe yamepungua. Tumebadili ramani mara mbili. Wawili kati ya waliotoa mchango wa kwanza wametangulia mbele ya haki, na mmoja wao aliniuliza akiwa kitandani, "Lile paa mmeezeka?" Nikamdanganya. Nilisema bado kidogo.

Tulipoanza, tulikuwa na sababu. Wengi wetu tuliishi Mbulu, Babati na Katesh, na tulikusudia kukutana kila baada ya miezi mitatu. Leo wengi tuko Dodoma, Arusha, Dar es Salaam na Mwanza. Tunakutana mara moja kwa mwaka, na tunakutana hapa hapa bwaloni na chini ya miti, na sijasikia mtu akilalamika isipokuwa juu ya pilau kuchelewa. Ile sababu, ndugu zangu, imekufa. Tunachoshika ni taarifa ya robo mwaka, nakala tano.

Nimejiuliza lile swali, na sasa nawauliza ninyi: kama msingi ule usingekuwapo, je, kuna mmoja wetu angesimama leo kupendekeza tujenge ukumbi? Kama jibu ni hapana, basi tunajua kinachotuzuia. Kwanza ni fahari, kwa sababu majina yetu yako kwenye lile jiwe. Pili ni fedha tulizokwisha kutoa. Tunaona tukiacha zimepotea, na kumbe zimekwisha kutoka hata tukiendelea, na kila shilingi mpya inazifuata. Tatu ni aibu ya kuonekana tumeshindwa. Mimi aibu hiyo ninayo zaidi yenu, na leo nimeivua mbele ya walimu wangu.

Lakini nyasi bado zipo. Katika akaunti kuna salio, na Mweka Hazina atalisoma alasiri. Mawe na matofali bado yapo, na saruji iliyonunuliwa mwaka huu bado haijaganda. Tukisubiri miaka mingine mitatu tutakuwa na jiwe la msingi tu, na mbuzi wa majirani juu yake.

Juzi nilifika mapema nikaenda kwa Ndugu Mkuu wa Shule. Sikumwambia nataka kusema nini. Nilimwuliza tu shule inahitaji nini. Hakunijibu, alinipeleka dirishani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Niliwaona wadogo zetu wanapanda kutoka mtoni na ndoo na madumu. Njia ile ile! Wenzangu mnaikumbuka ile njia. Mnakumbuka baridi ya Juni, na mnakumbuka jinsi ndoo ilivyofika bwenini nusu, nusu nyingine ikiwa kwenye kaptula. Tumesoma, tumepata vyeo, tumeanzisha Umoja, tumechimba msingi, na mtoto wa kidato cha kwanza bado anabeba ndoo aliyoiacha kaka yake. Na mvua za Mbulu zinanyesha juu ya mabati ya mabweni haya na kwenda zake korongoni.

Na kwa kuwa nimekwisha kufundishwa, niliwauliza na wenyewe. Nilimsimamisha kijana mmoja nikamwuliza, "Mdogo wangu, mngependa tuwajengee nini?" Alitua ndoo, akaniamkia, "Shikamoo." Akafikiri kidogo. Akasema, "Kaka, sisi tulidhani mnajenga pale kwa ajili yenu."

Ndugu Mwenyekiti, sina la kuongeza juu ya jibu hilo.

Kwa hiyo basi, kwa heshima kubwa kwa wote waliochangia, walio hai na waliotangulia, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika azimio la kuanzisha ujenzi wa ukumbi, naomba niwe mimi wa kupendekeza liondolewe. Napendekeza, mosi, kwamba ujenzi wa ukumbi usimamishwe rasmi leo. Pili, kwamba mawe, matofali, saruji na salio lote vitumike kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka katika mabati ya mabweni, kwa ramani itakayokubaliwa na Mkuu wa Shule, na serikali ya wanafunzi ishirikishwe. Tatu, kwamba lile jiwe lenye majina ling'olewe kwa heshima na liwekwe ukutani mwa tangi, ili wale wenzetu wawili waliotangulia wajulikane kwamba walichangia kitu kilichokamilika. Na nne, kwamba kazi hii iwe na tarehe ya kumalizika, na tarehe hiyo ikipita bila tangi kuwa na maji, kamati ijiuzulu bila kusubiri kuombwa.

Mkiikataa hoja yangu nitaheshimu, na nitatoa mchango wangu wa ukumbi kama kawaida. Ila nawaomba mkatae baada ya kutembea kidogo. Kabla ya kura ya alasiri, kila mmoja wetu ashuke hadi mtoni na ndoo moja, ainuke nayo hadi bwenini. Akifika na pumzi ya kunyosha mkono, apige kura anavyopenda.

Wadogo zetu, chakula kinakuja. Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.